Jinsi ya Kumnyima Mkubwa Usingizi Kabla Hajapeleka Vijana Vitani

Mwongozo huu ni wa mpiga kura wa Kisii na Nyamira. Majenerali na mabalozi wana miongozo yao, tena wana magari ya kuibebea. Huu ni wa mama anayeuza ndizi Daraja Mbili, wa kijana wa boda boda pale Keroka, wa mkulima wa Kebirigo anayesubiri bonasi ya majani chai, na wa mwalimu mstaafu wa Ogembo ambaye husoma gazeti mpaka ukurasa wa matangazo ya vifo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: kitambulisho, jina lako katika daftari la wapiga kura, nakala ya Katiba ya 2010, na mdomo usioona haya. Vyote hivi kwa pamoja ni rahisi kuliko jeneza moja.

Shabaha yetu ni serikali iogope kabla ya kutuma jeshi kupigana popote. Wanajeshi wetu wamefundishwa kukabiliana na adui, kwa hiyo si adui ninayetaka aogopwe. Nataka uogopwe wewe, uliyekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema la matanga ukimsubiri mheshimiwa amalize kuhutubia.

Elimu yenyewe ina umri mkubwa. Mwaka 1795, mzee mmoja wa Königsberg, Immanuel Kant, alitoa kijitabu kuhusu amani ya kudumu. Hoja yake unaweza kuielewa ukiwa kwenye foleni ya kupima majani chai. Mfalme akianzisha vita, mezani pake hapapungui kitu: karamu zinaendelea, uwindaji unaendelea. Anayepigana ni raia, anayelipa ni raia, anayejenga upya palipobomoka na kubeba deni la miaka ni raia. Basi raia huyo akiulizwa kwanza, atasita. Wasomi wa karne ya 20, Michael Doyle mmoja wao mnamo 1983, waliipima hoja hiyo kwa historia ya vita na wakaona kwamba nchi zenye demokrasia iliyokomaa ni nadra sana kupigana zenyewe kwa zenyewe. Waliona pia kwamba nchi hizohizo hupigana na wengine, tena bila kuchoka. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu. Sisi wa Gusii ndipo tunapofungulia, kwa sababu hao wengine tulikuwa sisi.

Kwa hiyo anza kwa kujua mkubwa anaogopa nini hasa, na mahali pa kujifunzia ni nyumbani, mwaka 1908.

Uingereza ya mwaka huo ilikuwa na Bunge, magazeti, vyama, na serikali ya chama cha Liberal iliyoshinda uchaguzi wa 1906 kwa kishindo. Wanawake wake hawakuwa na kura, na wanaume wengi maskini hawakuwa nayo pia, lakini kwa kipimo cha siku zile hiyo ilihesabiwa demokrasia. Tayari mwaka 1905, askari wa King's African Rifles walikuwa wameingia Gusii na bunduki ya rashasha wakaua watu na kuswaga ng'ombe. Januari 1908 kijana aitwaye Otenyo, akihimizwa na Moraa wa Ng'iti, mtabiri wa Kitutu, alimchoma mkuki Mkuu wa Wilaya, G. A. S. Northcote. Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Waliokufa ni Wakisii. Kikosi cha kulipiza kisasi kilitumwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatekwa kwa maelfu, na idadi ya watu waliouawa ikapita mia moja. Otenyo naye alikamatwa akauawa.

Sasa sogea karibu utazame karatasi moja. Kutoka kwenye mapigano hayo zilitumwa telegramu hadi London, na ndani yake kulikuwa na hesabu: ng'ombe waliotekwa, kondoo na mbuzi waliotekwa, Wakisii waliouawa. Hesabu hizo zilikaa pamoja, binadamu baada ya mbuzi. Zilipita mezani kwa naibu waziri wa makoloni, mtu wa miaka 33 aliyekuwa ametoka majuzi tu kuzuru Afrika Mashariki, jina lake Winston Churchill. Alizisoma akashtuka. Akaandika kwamba jambo hili linafanana na machinjo. Kwamba Bunge la Makabwela likilijua, mipango yote ya serikali katika Himaya ya Afrika Mashariki itaingia wingu. Na kwamba hapawezi kuwa na haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile.

Huruma imo katika maneno hayo, na simnyimi haki yake. Lakini angalia ni nani aliyetajwa kuwa tishio. Moraa hakutajwa, wala mikuki ya Kitutu, wala hasira ya Wakisii waliobaki. Aliyemwondolea naibu waziri raha ni mbunge mmoja asiyejulikana, ambaye angeweza kusimama alasiri moja akauliza: waliokufa ni wangapi, na kwa nini? Demokrasia iliyotuma kile kikosi ndiyo hiyohiyo iliyomtia Churchill hofu. Ilituma kwa sababu Mkisii hakuwa na kura huko. Ilishtuka kwa sababu mwenye kura angeweza kupata habari.

Mimi naona maneno hayo machache yanafundisha zaidi kuliko vitabu vingi vya siasa. Nchi haiwi na subira kwa sababu tu inaitwa ya kidemokrasia. Subira yake inakaa katika chumba kimoja mahususi, chumba ambamo anayeamua anaweza kuulizwa na mtu mwenye uwezo wa kumwondoa. Ukiwa nje ya chumba hicho, bunge zuri kuliko yote duniani halikusaidii. Wazee wetu walikuwa nje mwaka 1908. Walikuwa nje tena Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii mjini, wakapambana na King's African Rifles tarehe 12, kisha wakaondoka. Mkisii hakuulizwa na Kaisari wala na Bunge la London. Maduka na misheni zilipoporwa baada ya mapigano, alinyang'anywa mifugo kuwa adhabu, na baadaye vijana wake wakachukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, kazi iliyoua makumi ya maelfu ya Waafrika kwa njaa na maradhi. Alitoa ng'ombe, akatoa mabega. Neno hakutakiwa kutoa.

Wewe uko ndani ya chumba. Uliingizwa na kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Kilichobaki ni kujua viti vilipo.

Fungua Katiba, Kifungu cha 95, ibara ya 6: Bunge la Kitaifa ndilo linaloidhinisha tangazo la vita. Nenda Kifungu cha 132: Rais anaweza kutangaza vita, kwa idhini ya Bunge. Kisha Kifungu cha 240, ibara ya 8: Baraza la Usalama wa Kitaifa linaweza kutuma vikosi nje ya nchi kwa shughuli za kulinda amani au za kusaidia, kwa idhini ya Bunge. Rudia kusoma mpaka uweze kuvitaja mbele ya chifu bila kutazama karatasi. Ukitaja kifungu kwa nambari barazani, utaona mheshimiwa anavyoanza kumtafuta msaidizi wake kwa macho.

Ukishavijua vifungu, jua na mlango wa nyuma. Tangu Katiba hiyo izinduliwe Agosti 2010, hakuna Rais aliyekwenda Bungeni kuomba idhini ya kutangaza vita. Damu ya Wakenya imemwagika hata hivyo. Katikati ya Oktoba 2011, baada ya watu kutekwa nyara Lamu na wafanyakazi wa misaada kuchukuliwa Dadaab, mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji walitangaza kwamba jeshi litawafuata Al-Shabaab, na tarehe 16 askari wakavuka mpaka kuingia Somalia. Jina lilikuwa Operesheni Linda Nchi. Serikali ilitaja Kifungu cha 51 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa, kile cha kujilinda. Bunge lilikuja kupiga kura Desemba, tena kuhusu askari wetu kuingizwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Wakati huo vijana walikuwa ndani ya Somalia kwa majuma, wengine magari yao yamekwama katika tope la mvua za vuli.

Sababu ya kwenda haikuwa ya kubuni. Watu walitekwa na watu walikufa. Ninachopinga ni mpangilio. Bunge linaloulizwa wakati vijana tayari wako mstari wa mbele halina uhuru wa kukataa, kwa kuwa hakuna mbunge atakayesimama kusema waachwe huko. Kuulizwa kwa namna hiyo ni kuarifiwa. Uganda ilifanya vivyo hivyo: jeshi lake liliingia Sudan Kusini Desemba 2013, Bunge lake likabariki Januari 2014. Na vita vikishaanza hivyo havina haraka ya kwisha. Linda Nchi ikawa AMISOM, AMISOM ikawa ATMIS mwaka 2022, ATMIS ikawa AUSSOM mwaka 2025, na mtoto aliyezaliwa Nyamira askari wetu walipovuka mpaka leo yuko sekondari.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mgombea yeyote wa ubunge liwe hili, na liulizwe kabla ya uchaguzi: wanajeshi wetu wakivuka mpaka kesho asubuhi, wewe utadai kikao cha Bunge saa ngapi? Akikujibu kwamba mambo ya usalama ni siri, mwambie kwa heshima kwamba siri ni mahali pa kambi na saa ya kushambulia. Ruhusa ya kupigana si siri, imechapishwa na inauzwa katika maduka ya vitabu. Kisha umwombe jambo la pili: siku ya kura, adai wabunge wahesabiwe jina kwa jina. Wabunge wakiitikia ndiyo kwa pamoja, kama wanafunzi wanaomwamkia mwalimu, utamjuaje wako alisema nini?

Baada ya hapo, jifunze kuhesabu. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote humu.

Nenda uwanjani siku ya kusajili makurutu. Vijana wa Bobasi, Nyaribari na Bomachoge wamefika kabla jua halijatoka. Wamebeba vyeti vya KCSE ndani ya mifuko ya plastiki visije vikalowa umande. Wanavua viatu na mashati, wanakimbia wakizunguka uwanja, wanapimwa urefu na uzito, wanafunua midomo meno yakaguliwe. Anayekosa sentimita moja ya urefu anarudi nyumbani akiwa amenuna. Nje ya uzio amesimama mama mmoja na chupa ya soda na nusu mkate, macho hayabanduki kwenye mstari. Shamba lake limegawanywa mara nyingi kiasi kwamba hakuna pa kumwonyesha kijana huyu ajenge. Jeshi ndilo shamba lililobaki. Watoto wa mawaziri huwaoni kwenye mstari ule.

Hapo hesabu ya Kant inavurugika. Yeye alidhani anayeulizwa na anayezika ni mtu mmoja. Kwetu anayeamua yuko Nairobi na anayezika yuko Nyamarambe, na katikati yao kuna mshahara ambao kijana maskini hawezi kuukataa. Njia pekee ya kuwaunganisha tena ni hesabu ya wafu, itangazwe kwa wote.

Tarehe 15 Januari 2016, alfajiri, Al-Shabaab walivamia kambi ya jeshi letu, KDF, huko El Adde, mkoa wa Gedo, Somalia. Hesabu za waliouawa zilizofanywa nje ya serikali zinapita mia moja. Serikali haikutoa idadi kamili. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2017, likaja shambulio la Kulbiyow, na idadi ikabishaniwa tena. Katika nyumba za watu, habari ilianza kwa simu isiyopokewa. Mke anapiga asubuhi, anapiga jioni, anapiga kesho, na anayejibu ni ile sauti ya kampuni ya simu. Idadi ikifichwa, wanaoumizwa ni wafiwa, na pamoja nao kila mpiga kura nchini, maana asiyejua bei ya kitu hawezi kuamua kama kinafaa kununuliwa. Najua hoja ya kwamba kutangaza kunampa adui furaha. Adui alikuwepo El Adde, alihesabu mwenyewe na akapiga picha. Aliyefichwa ni mzazi.

Fanya hivi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, uliza idadi. Wanaweza kukataa kwa sababu ya usalama wa taifa. Wakikataa, ipeleke barua yao kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wakati barua inatembea, kila wadi ianzishe daftari lake: aliyetoka hapa, akaenda, hakurudi, na jina lake lisomwe kanisani mara moja kwa mwaka, kwa Waadventista Jumamosi na kwa Wakatoliki Jumapili. Hakuna sheria inayomkataza mzazi kutaja jina la mwanawe.

Ukurasa mmoja wa daftari hilo uachwe kwa ajili ya Wasomali, raia wasio na bunduki waliouawa na pande zote katika vita hivi. Nasisitiza jambo hili hata kama litawakera wengine. Sisi tulikuwa nambari katika telegramu ya watu wengine, tumeandikwa pamoja na mbuzi. Mjukuu wa watu hao hawezi kuridhika na serikali yake mwenyewe ikiandika wafu wa jirani kwa mtindo huohuo.

Kisha tazama anayelipa. Kwa miaka mingi posho za askari wa AMISOM zilitoka Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya ilipopunguza fedha hizo kwa asilimia 20, malalamiko ya serikali zetu yalisikika mbali kuliko maswali yoyote kuhusu waliokufa. Kodi ya vita ikilipwa na mgeni, mwananchi hasikii uzito mfukoni na mkubwa hasikii kelele. Uliza: pesa za wageni zikikatika kesho, tunarudi nyumbani au tunaanza kulipa sisi?

Sasa tugeuke tujitazame. Mwongozo unaomfundisha raia kumshuku mkubwa tu ni nusu mwongozo, kwa maana raia naye anapenda vita vikiwa vipya. Oktoba 2011 wengi wetu tulishangilia, katika matatu na mikahawani, na aliyeuliza lini watarudi aliitwa mwoga.

Kuna kisa cha karibu zaidi. Desemba 1991 Kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kilifutwa na vyama vingi vikarudi. Desemba 1992 tukapiga kura. Kati ya siku hizo mbili, nyumba ziliteketea mpakani mwa Borabu na Sotik, watu waliokuwa wakiuziana maziwa na mahindi wakawindana kwa mishale, na familia zikalala makanisani. Tume ya Akiwumi iliyochunguza ghasia za miaka hiyo ilionyesha mikono ya wanasiasa. Wasomi wawili wa Marekani, Edward Mansfield na Jack Snyder, waliandika mwaka 1995 kwamba nchi inayoanza kujifunza demokrasia iko katika hatari kubwa ya kupigana, kwa sababu kura zimekuja kabla ya taasisi za kuwadhibiti wanaozitafuta. Mtu wa Nyansiongo angewaeleza hayo miaka mitatu mapema.

Basi mwanasiasa akishika kipaza sauti matangani akaanza kuwataja Wakipsigis au Wamaasai kwa sauti ya kupanda, usimpigie makofi. Muulize watoto wake watalala wapi usiku wa leo. Kama jibu ni Karen au Kileleshwa, keti mbali naye.

Usije ukadhani dawa ni kuachana na kura. Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, akitaja mipaka ya kabla ya 1902 ambapo mkoa wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wetu. Kwa ramani hiyo Kisii nayo ilikuwa yake. Bunge la Uganda alikuwa amelifunga tangu mapinduzi ya 1971, kwa hiyo hakukuwa na mtu Kampala wa kumuuliza anazungumza nini. Madai yale yalizimika, lakini Oktoba 1978 aliingiza jeshi Kagera, na raia wa Tanzania na wa Uganda wakalipa kwa maisha yao. Linganisha na mzozo wetu na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo mwaka 2009: bendera zilipandishwa, maneno yakawa makali, wabunge wakapiga kelele pande zote mbili, na serikali zikaishia kutuma wapima ardhi. Kelele za wabunge zinaudhi, najua. Mimi nazichagua kuliko ukimya wa Kampala ya 1976.

Unataka ushahidi kwamba kuuliza kunauma? Tazama Haiti. Tarehe 2 Oktoba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi, Kenya ikajitolea kukiongoza, na Novemba 16 Bunge la Kitaifa likakubali polisi wetu waende. Wananchi wachache, Ekuru Aukot akiwa mmoja wao, walikwenda mahakamani. Januari 26, 2024, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliamua kwamba Baraza la Usalama wa Kitaifa halina mamlaka ya kutuma polisi nje kwa kutumia kifungu kile cha 240. Serikali ikalazimika kutafuta mkataba na Haiti, ukatiwa sahihi Machi 1, na polisi wa kwanza hawakutua Port-au-Prince hadi Juni 25. Hawakuzuiwa, walikwenda. Lakini serikali ilisimamishwa kwa miezi, ikalazimika kueleza, kuandika na kujitetea mbele ya jaji. Kusita huko ndiko tunakotafuta, na kuliletwa na karatasi ya ombi la mahakama.

Siku hiyohiyo ya Juni 25, vijana walikuwa mitaani dhidi ya Mswada wa Fedha, Kisii mjini kukiwemo, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi humu humu nchini. Bunge lilibariki kesho yake. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani, na mahakama, ingawa iliruhusu, iliitaka serikali itangaze mipaka ya kazi ya askari hao. Suala la jeshi si la Mogadishu na Port-au-Prince pekee. Linaweza kufika Daraja Mbili.

Kuuliza kuna gharama. George Anyona, mbunge wa Kitutu Mashariki, mtu wa Nyamira, alikamatwa mwaka 1977 na kuwekwa kizuizini bila kesi kwa kung'ang'ania maswali Bungeni kuhusu zabuni ya reli. Mwaka 1982 yeye na Oginga Odinga walipotaka kuanzisha chama, Bunge lenyewe lilikimbia kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja, na Anyona akarudishwa kizuizini. Waliokaa kimya siku zile walikuwa wengi na majina yao hayakumbukwi hata na jirani. Njia aliyoipita kwa kifungo leo unaipita kwa barua: Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, na hakitaji kiwango cha masomo wala ukubwa wa shamba.

Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Kabla ya siku hiyo, kila mgombea atafika kwako, kwa gari au kwa helikopta, na atakuomba. Muulize ni lini atadai kikao cha Bunge jeshi likivuka mpaka. Muulize kama atapiga kura kwa jina lake lisikike. Muulize kama atadai idadi ya waliokufa El Adde itolewe, kambi kwa kambi, mwaka kwa mwaka. Yaandike majibu yake kwenye lile daftari la wadi, weka tarehe, na asiyejibu usimpe kura.